Taa ya ABS kwenye pikapu: tuisikilize kabla ya kununua sensa

Hotuba kwa mafundi wa magari na wanafunzi wa ufundi

Mafundi wenzangu, walimu wetu, na ninyi vijana mnaoanza kuishika kazi hii kwa mikono yenu: nimeombwa nizungumzie taa moja tu ya dashibodi, nami nimefurahi kwamba mada ni finyu, kwa sababu mambo ya breki yakizungumzwa kijuujuu huweza kuleta madhara kuliko yasipozungumzwa kabisa. Taa yenyewe ni ile ya manjano yenye herufi tatu, ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki zinapokanyagwa, na gari ninalolikusudia ni pikapu.

Jambo ninalotaka kulitetea mbele yenu ni moja. Taa ile ikiwaka haisemi kwamba sensa, kile kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu, imekufa. Inasema kwamba kompyuta ya breki imepokea habari isiyoweza kuiamini, au imejipima yenyewe ikaona haitaweza kutimiza kazi yake, na kwa hiyo imejitoa na kumwachia dereva breki za kawaida. Kati ya sensa kufa na habari kutoaminika pana masafa marefu, na humo ndimo zinamopotelea saa za mafundi na fedha za wenye magari.

Kwanza nieleze kwa nini nimeichagua pikapu. Gari hili limeundwa kubeba mzigo nyuma, lakini mara nyingi hutembea tupu. Likiwa tupu, sehemu kubwa ya uzito wake iko mbele, kwenye injini na kibanda cha dereva, na breki zinapokanyagwa uzito huo huegemea mbele zaidi, hata magurudumu ya nyuma yakabaki yanaigusa barabara kwa wepesi. Gurudumu lenye uzito mdogo juu yake hujifunga upesi, na ya nyuma yakijifunga kabla ya ya mbele, gari huacha kwenda lilikoelekezwa na nyuma yake hutaka kutangulia. Waundaji walilijua hilo mapema. Breki za ABS za kisasa za magurudumu manne, zinazoongozwa na kompyuta ya kidijitali, zilianza kuuzwa mwaka 1978, Bosch walipozitoa pamoja na Mercedes-Benz kwenye magari ya S-Class. Lakini pikapu za Marekani zilianza kwa njia ya peke yake, kwa mfumo unaoyalinda magurudumu ya nyuma peke yake, kama ule ambao Ford iliuweka kwenye pikapu zake za F kuanzia mwaka 1987. Katika mfumo huo sensa ni moja tu, imepachikwa juu ya difu, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, nayo huisomea ekseli nzima ya nyuma. Pikapu za aina hiyo bado zinatembea, na fundi anayeipokea akaanza kutafuta sensa kwenye magurudumu ya mbele anatafuta kisichokuwapo.

Pikapu za sasa kwa kawaida zina sensa kwenye kila gurudumu. Mbele ya sensa huzunguka pete ya chuma yenye meno, au pete ya sumaku iliyofichwa ndani ya sili ya beringi. Sensa za mtindo wa zamani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Hazilishwi umeme, bali huzalisha zenyewe volti ndogo inayopanda kadiri gurudumu linavyokwenda kasi, na gari linapokaribia kusimama volti hiyo hudhoofika hadi kompyuta isiione tena. Sensa za kisasa hulishwa umeme na kompyuta na huweza kusoma mwendo hadi karibu na sifuri. Kompyuta huyalinganisha magurudumu yote bila kukoma. Likitokea mojawapo limepunguza mwendo ghafla kupita mengine, vali huziba njia ya mafuta ya breki kwenda kwenye gurudumu hilo, kisha hufungua ili shinikizo lishuke, na pampu huyarudisha mafuta. Haya yote hurudiwa mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na ndiyo sababu dereva husikia kanyagio likipigapiga chini ya mguu wake. Kinachotafutwa ni gurudumu kuendelea kuzunguka huku likiteleza kidogo, takriban asilimia 10 hadi 20, kwa kuwa hapo ndipo tairi hushika lami vizuri zaidi.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu fundi asiyejua kompyuta inalinganisha nini hawezi kujua imekosa nini.

Swali la kwanza ambalo mwenye gari atakuuliza ni kama anaweza kuliendesha. Taa ya manjano ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo na kanyagio litasimamisha gari kama zamani, ila magurudumu yanaweza kujifunga kwenye utelezi au breki za ghafla. Basi aende polepole, aache nafasi kubwa mbele yake, na asichelewe kulileta. Lakini taa ya manjano ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, hilo ni jambo jingine kabisa. Huenda mafuta ya breki yamepungua, na yakipungua yamekwenda mahali fulani: ama yanavuja, ama pedi zimelika hadi pistoni zimetoka mbali. Huenda pia kompyuta imepoteza uwezo wa kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Pikapu za zamani zilikuwa na vali ya mekanika iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, ikipima mzigo kwa kimo cha gari. Katika nyingi za sasa kazi hiyo hufanywa na moduli ileile ya ABS, yaani kompyuta ya breki. Kwa hiyo moduli ikizimika kabisa, pikapu tupu inaweza kujifunga magurudumu ya nyuma hata kwa breki za wastani. Gari la namna hiyo halipaswi kuendeshwa. Livutwe hadi karakana. Ninawasihi mlishike neno hili hata kama mtasahau yote mengine nitakayoyasema leo.

Sasa tuanze uchunguzi, na kifaa cha kwanza ni masikio. Muulize dereva taa huwaka lini. Kila asubuhi swichi ikifunguliwa taa inapaswa kuwaka sekunde chache na kuzimika, maana kompyuta inajipima. Isipowaka kabisa, shuku kwamba kuna aliyeiondoa balbu au kuiziba ili kuficha ugonjwa, na nimeshayaona hayo. Ikiwaka na isizimike tangu gari limesimama, kosa ni la umeme ambalo halihitaji gurudumu kuzunguka: waya uliokatika, fyuzi, rilei, injini ya pampu, au moduli yenyewe. Ikizimika vizuri, kisha ikarudi baada ya gari kuanza kutembea, basi nyaya huenda zikawa nzima na tatizo likawa kwenye kinachosomwa: pete yenye ufa, pengo lililopanuka, beringi iliyolegea. Uliza pia kama kipimo cha mwendo kimekufa au gia zinaingia kwa kishindo. Katika pikapu kadhaa sensa ya difu au za magurudumu ndizo zinazotoa mwendo kwa vyombo vingine, na dalili hizo mbili zikija pamoja umepunguziwa nusu ya safari.

Baada ya hapo ndipo skana, kifaa kinachosoma misimbo ya makosa iliyohifadhiwa na kompyuta za gari. Hapa wengi hukwama kwa sababu kile kifaa kidogo cha bei nafuu husoma misimbo ya injini pekee, ile inayoanza na herufi P. Misimbo ya breki huanza na C, na ya mawasiliano kati ya kompyuta huanza na U, nayo yahitaji skana inayoweza kuzungumza na moduli ya ABS. Andika misimbo yote kabla ya kufuta hata mmoja, pamoja na kumbukumbu ya mwendo na volti wakati kosa lilipotokea kama skana inaionyesha. Fundi anayefuta kwanza ili aone kama itarudi amechoma barua kabla ya kuisoma.

Na barua hiyo isomwe kama ilivyoandikwa. Chukueni msimbo C0035, ambao kwenye magari mengi huelekeza kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Msimbo huo hutaja mzunguko wa sensa, yaani sensa, waya wake mzima hadi kwenye moduli, soketi zote za njiani, na sehemu ya moduli inayopokea habari hiyo. Fundi huona neno sensa, akaagiza sensa. Hiyo ni kupiga ramli, na kwa bahati mbaya ramli hiyo husema kweli mara nyingi kiasi cha kumfanya mtu aiamini.

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuletewa pikapu iliyokwisha kubadilishwa sensa ya mbele ya kulia mara mbili katika karakana nyingine. Mwenye gari, mzee mtulivu, aliniambia kwamba taa huwaka anapokata kona ya kuingilia nyumbani kwake. Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Nilinyanyua gari, nikapima sensa kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, nikaona ukinzani wa omu 1,100, kipimo kinachokubalika kwa sensa ya mtindo wa zamani. Nikapima waya, nikaona mzima. Nikafuta msimbo, nikamkabidhi mzee gari lake. Baada ya siku mbili akarudi, hakulalamika, akarudia maneno yaleyale: kwenye kona. Safari hii niliacha multimita imeunganishwa upande wa moduli, nikamwomba kijana auzungushe usukani hadi mwisho wa kulia. Kipimo kikaruka, mzunguko ukawa wazi. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, mahali unapopinda kila gurudumu linapogeuka, na ngozi ya nje haikuwa na alama yoyote. Magurudumu yakinyooka, ncha mbili za shaba zilikuwa zinagusana. Sensa mbili mpya zilikuwa zimelipiwa kwa ajili ya waya usiozidi urefu wa kidole. Tangu siku hiyo sipimi waya wa gurudumu la mbele bila kuugeuza usukani pande zote mbili, na bila kuutikisa waya kwa mkono hatua kwa hatua huku nikitazama kipimo.

Pikapu zilizoinuliwa kimo zina hatari hii maradufu, kwani ekseli imeshuka mbali na chasisi huku waya umebaki na urefu uleule, ukavutika kila gari linaporuka shimo. Tena, mtu akitoboa waya kwa ncha ya kipimo ili apate usomaji wa haraka, ameliachia maji tundu la kuingilia. Baada ya miezi shaba hugeuka kijani na kula ndani kwa ndani. Pimeni kwenye soketi.

Kuhusu vipimo, tofautisheni aina za sensa kabla ya kugusa chochote. Ile ya zamani, yenye sumaku na waya, hupimwa omu, kwa kawaida kati ya 800 na 2,500 kulingana na gari, na ukizungusha gurudumu kwa mkono multimita ikiwa kwenye volti za mkondo geu unapaswa kuona volti ikipanda. Ya kisasa haipimwi omu hata kidogo. Kinachopimwa ni umeme unaoifikia kutoka kwenye moduli, na mawimbi inayoyarudisha. Fundi aliyepima omu kwenye sensa ya kisasa na kuihukumu kwamba imekufa amehukumu bila ushahidi. Na kama gari lina pete ya sumaku ndani ya sili ya beringi, kumbukeni kwamba beringi hiyo ina upande wake: ikiingizwa kinyume, sumaku inakaa mbali na sensa, na gari lililoletwa kwa sababu ya kelele ya beringi linatoka kimya lakini taa inawaka.

Sasa nije kwenye tatizo ninaloliona la hatari kuliko yote, ambalo mara nyingi halina taa wala msimbo. Dereva anasema: ninapokaribia kusimama, labda kwa mwendo wa kilomita kumi kwa saa, kanyagio linaanza kupigapiga, breki zinalegea, na gari linasogea mbele zaidi ya nilivyotaka. Barabara ni kavu. Hiyo ni ABS inayofanya kazi pasipohitajika. Kompyuta imeona gurudumu moja limefikia sifuri wakati mengine bado yanazunguka, ikadhani limejifunga, ikalinyima shinikizo. Kumbe gurudumu halikujifunga. Habari yake ndiyo iliyokatika. Sababu inayojulikana sana kwenye pikapu, hasa zinazotembea kwenye barabara zenye chumvi, ni kutu iliyoota chini ya sensa, kwenye uso wa kitovu cha gurudumu ilipopachikwa. Kutu huvimba, huinua sensa taratibu, na pengo kati ya sensa na pete, ambalo linapaswa kuwa karibu milimita moja tu, linapanuka. Kwenye mwendo wa kasi volti bado inatosha. Kwenye mwendo mdogo inapotea mapema kuliko za magurudumu mengine.

Njia ya kulinasa kosa hili ni kuwa wawili ndani ya gari, mmoja anaendesha mahali pasipo na watu wala magari, mwingine ameshika skana inayoonyesha mwendo wa magurudumu yote manne kwa pamoja. Punguzeni mwendo taratibu na kutazama ni lipi linaloangukia sifuri kabla ya wenzake. Hilo ndilo. Mengi ya haya hutibiwa kwa kuitoa sensa, kuusafisha uso hadi chuma kionekane, kukipaka kinga ya kutu, na kuirudisha sensa ileile. Lakini muitoe kwa subira, kwa kuwa iliyoshikwa na kutu huvunjika ukiilazimisha. Na ikitoka, itazameni ncha yake: sumaku hukusanya vumbi la chuma kutoka kwenye diski na drumu, na sensa ya difu hukusanya unga wa gia. Unga ukiwa mwingi mno, difu lenyewe linaomba kufunguliwa.

Ufa kwenye pete hujitambulisha kwa namna yake. Pete iliyopachikwa kwa kubanwa juu ya shafti hupasuka pale kutu inapovimba chini yake, na jino moja linakuwa mbali na mwenzake kuliko yaliyobaki. Basi habari huyumba mara moja katika kila mzunguko wa gurudumu. Ukitazama mawimbi kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, utaliona pengo hilo likijirudia kwa ukamilifu. Bila osiloskopu, safisha pete na uizungushe polepole ukiwa na tochi. Vilevile tikisa gurudumu. Beringi yenye mchezo huifanya pete iyumbe, na hapo sensa mpya haitasaidia chochote.

Matairi nitayapitia kwa haraka. Pikapu hubadilishwa matairi kuliko magari mengine, na tairi kubwa kwenye ekseli moja, au la akiba lisilolingana, huzunguka kwa mwendo tofauti hata gari likiwa limenyooka. Kompyuta huona tofauti hiyo na kuihesabu kuwa kosa. Tazameni vipimo vilivyoandikwa ubavuni mwa matairi yote manne kabla ya kufungua boneti.

Moduli iwe ya mwisho kushukiwa, na kabla ya kuihukumu iulizwe kama imelishwa. Betri dhaifu au oltaneta isiyochaji huifanya moduli ijizime na kuandika msimbo wa volti ndogo. Fyuzi za ABS huwa zaidi ya moja, kwa kuwa pampu na vali zina zao. Waya wa athi ulioshikizwa kwenye chasisi, mahali ambapo matope na maji hurushwa kila siku, huonekana mzima kwa omu lakini hushindwa kubeba mzigo. Upimwe kwa kushuka kwa volti wakati umeme mwingi unapita, na ikizidi desimali chache tu za volti, safisheni maungio. Hapo tu, umeme ukiwa kamili, athi ikiwa safi na mawasiliano yakiwapo, ndipo mnaweza kusema moduli imeharibika. Hutokea kweli: maungio ya risasi ndani yake hupasuka kwa joto na mtikisiko, na kosa huja na kuondoka kadiri injini inavyopata moto. Moduli nyingine zikiwekwa huhitaji kufundishwa gari lililomo, ukubwa wa matairi yake na hali yake ya gia za magurudumu manne, kwa hiyo ya mtumba kutoka gari jingine isifungwe kwa matumaini.

Mkilazimika kufungua sehemu ya vali na pampu, fahamuni kwamba hewa ikiingia humo haitoki kwa kupampu kanyagio peke yake. Skana ndiyo inayoamuru vali zifunguke na pampu izunguke ili hewa isukumwe nje. Mifumo ya zamani yenye chombo cha kuhifadhi shinikizo ni hatari kwa mikono na macho: zimeni swichi na kukanyaga breki mara 25 au zaidi, hadi kanyagio liwe gumu, kabla ya kulegeza mfereji wowote. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. DOT 5 yenye silikoni isitiwe kwenye mfumo wa ABS. Na kwa kuwa DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, mafuta yaliyokaa miaka mingi huleta kutu ndani ya vali zilezile tunazozitegemea.

Kazi ikiisha, msimkabidhi mtu gari kwa sababu taa imezimika hapo mlipo. Baadhi ya moduli hazirudi kuiamini sensa hadi gari litembee, nyingine hujaribu pampu yake mara gari linapoanza kushika mwendo, na mlio mfupi wa pampu husikika chini ya boneti. Liendesheni hadi kilomita 50 kwa saa, mkikata kona pande zote mbili. Mkirudi, someni misimbo upya. Kisha, mahali peupe pasipo na mtu, likiwa tupu nyuma kama linavyotembea siku nyingi, lishikeni breki kwa nguvu kutoka kilomita 30 kwa saa kwenye changarawe, na mhisi kanyagio likipiga chini ya mguu huku gari likinyooka hadi lisimame.